Nyuso Mbili za Yordani

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Mozelle Pettway amesimama chini ya mimbari, shuka iliyoficha kazi yake ya miezi mitatu imeanguka miguuni pake, na mama yake mzazi amenyoosha kidole ukutani mbele ya kanisa zima.

"Ule mkono ni wa Ardella!"

Mama Luvenia hakusema kwa ubaya. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyemwona jirani yake kwenye picha ya gazeti. Lakini neno likishatoka halina mlango wa kurudia.

Ukuta wa nyuma ya kisima cha ubatizo sasa ulikuwa Mto Yordani. Maji yake yalikuwa ya kahawia kama ya mto Mississippi, maana hayo ndiyo maji aliyokulia Mozelle kabla hawajapanda treni kuja Chicago. Katikati ya mto alisimama Yohana Mbatizaji, mweusi tii, mabega kama mlango. Uso wake ulikuwa wa Lucius Barksdale, mchumba wa Mozelle. Kila mtu alimtambua na kila mtu alishangilia.

Ukingoni alisimama mwanamke ameshika kanzu nyeupe, akimngoja anayetoka majini. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na kovu la moto, refu kama njiti ya kiberiti.

Kovu hilo ndilo lililomponza Mozelle.

Hakuna mwanamke wa kanisa lile aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Ardella Fontaine, kunyooshwa nywele kwa kitana cha moto, asilijue. Lilipita kando ya sikio lake kila Jumamosi. Mozelle alikuwa amemgeuza mwanamke wa ukutani uso upande. Alimfunga kilemba. Alimpunguzia miaka mitano. Halafu, kwa ule wazimu wa apendaye, akachora kovu!

"Ni Ardella kweli," mtu akasema.

"Msusi? Yordani?"

"Ndiyo maana nywele za Yohana zimelala!"

Kanisa likaangua kicheko. Hata Ardella, aliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango, alicheka chini ya kofia yake. Kama mambo yangeishia hapo, watu wangekwenda zao kula kuku wa Jumapili.

Shemasi Gaines akasimama.

"Mchungaji, hicho kicheko kitakwisha sasa hivi," alisema. "Kuna hiki."

Akainua daftari la kuchorea lenye jalada jeusi. Mozelle akalitambua. Alikuwa ameliacha kwenye chumba cha kanzu za ubatizo, ndani ya mkoba, chini ya matambara ya rangi.

"Hilo ni langu. Nirudishie."

"Lilikuwa ndani ya nyumba ya Bwana."

"Lilikuwa ndani ya mkoba wangu!"

"Na mkoba ulikuwa ndani ya nyumba ya Bwana."

"Amina!" akaitikia mtu, halafu akajuta, maana hakuna mwingine aliyeitikia.

Shemasi alilamba kidole akafungua. Alisoma michoro kama mtu anayesoma matangazo.

"Ndugu Lucius amekaa. Ndugu Lucius anapiga kiwi viatu. Ndugu Lucius amelala." Pepeo za karatasi walizojipepea nazo watu zikasimama. "Hilo tutalizungumza siku yake, harusi ni Oktoba. Tuendelee. Dada Ardella amekaa. Dada Ardella anapasha kitana. Dada Ardella amelala." Akafunua. "Amelala." Akafunua tena. "Amelala, mguu nje ya shuka."

Akalifunga daftari.

"Mimi si msanii. Nauliza kama mtu wa kawaida tu. Anayemchora mtu aliyelala kitandani, yeye mwenyewe alikuwa wapi?"

Hakuna aliyecheka sasa.

Mozelle alimtazama mama yake. Mama Luvenia alikuwa benchi la mbele na akina mama wa kanisa, wote nguo nyeupe na glavu nyeupe. Alikuwa anakitazama kidole chake, kile alichonyoosha, kana kwamba si chake.

Mchungaji Tolliver akashuka mimbarini. Mbao za sakafu zilikuwa zimeondolewa na kisima cha ubatizo, shimo la saruji lenye ngazi, kilikuwa wazi, kikavu, kikingoja maji ya Jumapili ijayo. Alisimama ukingoni mwake.

Msomaji hajasahau. Mwezi Juni, wazee watatu walipotaka Yohana awe mweupe kama yule wa kwenye kalenda, ni Mchungaji huyu huyu aliyepiga meza ngumi. "Mto ni wetu na Yohana ni wetu!" alifoka, na siku ile Mozelle aliona kwamba amepata baba. Ndiyo sababu sauti yake leo ilimkata zaidi ya maneno ya Shemasi.

"Binti yangu," alisema, "Jumapili ijayo nina watu kumi na tisa wa kubatiza mbele ya ukuta huu. Sitaki kujua mengi. Chokaa ile pale kwenye ndoo. Brashi hii hapa. Mfute yule mwanamke. Weka mti, weka jiwe, weka punda ukitaka. Kisha uombe radhi, nami nitakupa tena mkono wa ushirika, na hakuna atakayelitaja jambo hili."

"Na nikikataa?"

"Nitaitisha kura sasa hivi. Utatengwa kabla kuku hawajapoa."

"Na Yohana?"

"Yohana ana nini? Yohana abaki. Yohana ni mchumba wako."

Hapo ndipo hasira ilipomshika Mozelle, si kwa kupanda polepole, bali kama maji ya moto yaliyomwagikia miguu.

Alikumbuka siku aliyokuwa akichora kile kifundo cha mkono, mwezi Machi, chumbani kwa Ardella, harufu ya mafuta ya nywele na kahawa. Alikuwa mchoraji tu siku ile, anamchora rafiki. Kalamu ilifika kwenye kovu ikakataa kuendelea. Ardella akauliza, "Umekwama?" Naye Mozelle, msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye pete ya mtu kidoleni, akajua kwa mara ya kwanza kwamba ndiyo, amekwama, na hataki kukwamuliwa. Alilia njia nzima kurudi nyumbani. Alipofika akakuta barua ya Lucius kutoka California, na machungwa mawili yaliyofungwa kwa karatasi, na moyo wake ukaruka vile vile kama siku zote. Akalia upya. Angefurahi kama upendo mmoja ungeufukuza mwingine. Hakuna uliotoka!

"Mchungaji," ikasema sauti nzito.

Lucius alikuwa amesimama. Alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni. Alishuka kituoni asubuhi ile ile, na viatu vyake bado viling'aa kama kioo.

"Lawama ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia amchore Ardella. Nilitaka mwanamke wa kwetu ukingoni pale, mchapakazi, si malaika wa kwenye kadi. Na hayo ya kulala..." Aligeuka kumtazama Shemasi. "Nyumba ipi hapa hawalali watu wanne chumba kimoja? Shemasi, wewe mwenyewe wapangaji wako wanapokezana kitanda. Mwanamke kalala, mwenzake hana usingizi, ana kalamu. Basi. Ndiyo dhambi?"

"Amina, Ndugu Lucius!" wakaitikia wengi. Unafuu ulipita kwenye mabenchi kama upepo. Watu walitaka kuamini. Kuku walikuwa wanapoa.

Lucius akamsogelea na kuinamisha kichwa. Alinong'ona, "Sema ndiyo, Moze. Neno moja tu. Twende zetu tukale."

Alijua. Mozelle aliliona hilo machoni pake. Alijua, pengine tangu zamani, na alikuwa amechagua kutojua. Alikuwa amemfungulia mlango. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na nyumba, harusi ya Oktoba, mama asiyeaibika. Na nje ya mlango ule angebaki mtu mmoja, benchi la mwisho, chini ya kofia.

"Abiria wanakuitaje?" Mozelle akauliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nini?"

"Kwenye treni. Wiki mbili kila mwezi. Wanakuita Lucius?"

Taya la Lucius likakazika. Kila mtu pale alijua jibu. Abiria waliwaita wahudumu wote weusi jina moja, la tajiri mwenye mabehewa, na wahudumu waliitika kwa tabasamu.

"Ukirudi unakuja kwangu unavua jina lile kama kiatu kinachobana. Nimekukanda mabega ukilia kwa sababu ya jina lile. Na leo unataka na mimi niitikie lisilo langu?"

"Nataka kukuokoa!"

"Kwa kumzika nani?"

Akageukia kanisa.

"Nampenda Lucius Barksdale," alisema. "Hilo si uongo, na pete hii si uongo. Na nampenda Ardella Fontaine. Hilo nalo si uongo. Sikuombwa, sikulogwa, sikulewa. Nilimchora kila mmoja kwa sababu nilimpenda, na nyinyi nyote mlishangilia dakika kumi zilizopita. Mlishangilia wote wawili!"

Kanisa likalipuka. Mzee mmoja alipiga fimbo sakafuni. Mama Odom, jirani wa Mama Luvenia kwenye benchi la wavaa nguo nyeupe, alisimama na kutikisa glavu.

"Njia mbili zilimshinda fisi!"

"Mimi si fisi, Mama Odom! Fisi alifuata harufu ya nyama."

"Tena anajibu!"

"Chagua!" akafoka mwanamume wa kwaya. "Yule mwimbaji wa klabu ya mtaa wa pili anavaa suruali na kofia ya kiume, tunamjua ni wa namna gani, tunampita. Anaeleweka! Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa! Mimi ni wa hapa hapa! Nimebatizwa kwenye shimo hili!"

"Basi chagua!"

"Kweli," ikasema sauti ya benchi la mwisho. "Achague."

Vichwa vyote viligeuka. Ardella alikuwa anatembea kuja mbele, taratibu, kofia mkononi. Wanawake aliowanyoosha nywele jana yake waliondoa magoti njiani kana kwamba anapita na ndoo ya maji machafu. Hakuwatazama.

"Ardella, usi..." Mozelle alianza.

"Nyamaza kidogo, mpenzi. Shemasi kauliza lake, na mimi nina langu." Alisimama hatua mbili mbele yake. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwezi Aprili nilikuuliza kuhusu pete. Ulisema nini?"

Mozelle akaigusa pete.

"Waambie. Mbona mdomo ulikuwepo sasa hivi? Ulisema pete ni ya kumfurahisha mama yako. Ulisema hivyo au hukusema?"

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi sik..."

"Hukukataa! Nilisema, 'Bila shaka ni ya mama yako,' na wewe ukanibusu. Nikaishi na hilo busu miezi mitano. Leo nasikia kanisani, pamoja na Mama Odom, kwamba unampenda!"

"Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Na yeye ukaogopa kumpoteza, ukamnyamazia. Umetuogopa wote wawili kwa usawa. Asante." Aligeuka kumtazama Lucius, juu mpaka chini. "Wewe ndiye mwenye machungwa?"

"Ndiye mimi," alisema Lucius.

"Nililetewa moja. Nikaambiwa limenunuliwa sokoni."

Mahali pengine watu wangecheka. Hapa hakuna aliyethubutu. Mozelle alisimama kati yao na uso unawaka. Hasira yake ilikuwa imejaa kifuani lakini sasa haikujua pa kwenda, maana nusu yake ilikuwa inamrudia mwenyewe.

Mchungaji Tolliver aliona mwanya. "Dada Ardella, unaona mwenyewe. Hata wewe umetendewa vibaya. Ni haki yako uso wako utoke pale."

"Ni haki yangu," Ardella alikubali.

Akainama. Akainua ndoo ya chokaa. Akachukua brashi mkononi mwa Mchungaji, ile pana ya kupakia kuta, akashuka ngazi za kisima, visigino vikigonga saruji, ko, ko, ko.

"Mwachieni," alisema Shemasi Gaines. "Mwenye uso aufute mwenyewe. Ndiyo vizuri."

Mozelle hakuweza kusogea. Ukuta ule ulikuwa wa kwanza kupewa achore. Siku sita za wiki alichora bei za nyama kwenye madirisha ya mabucha, na jioni alikaa darasani kuchora sanamu za plasta za Wagiriki. Ukuta huu ndio uliokuwa wake. Akaiona brashi ikizama kwenye ndoo, ikitoka nzito, ikidondoka.

Ardella aliinua mkono wenye kovu.

Akampaka Yohana!

Pigo moja kutoka paji la uso mpaka kidevuni. Pigo la pili, macho. La tatu, mdomo ule ambao Mozelle alikuwa ameurudia mara saba mpaka ukakaa sawa.

"Bwana wangu!" akapiga yowe Mama Odom. "Kamfuta Mbatizaji!"

"Mimi sili sahani moja na mtu!" Ardella alipiga kelele, na hatimaye machozi yakaja. "Mlisema afutwe mmoja! Amefutwa mmoja!"

Lucius alikuwa ameushika uso wake mwenyewe kwa viganja viwili, kana kwamba ndio uliopakwa. Shemasi alikuwa anaita watu wa kumtoa mwanamke kisimani. Kwaya ilikuwa imesimama. Na Mchungaji Tolliver, kwa sauti iliyozoea kuzidi kelele zote, akanguruma:

"Kura! Kura sasa hivi! Anayetaka Mozelle Pettway atengwe na ushirika wa kanisa hili, asimame!"

Mozelle hakugeuka kuwahesabu.

Aliruka. Hakutumia ngazi. Alitua kisimani kwa magoti, akainuka, akamshika Ardella mkono pale pale kwenye kovu, akainyakua brashi.

"Huyu usimguse!"

"Umemchagua, basi."

"Sijamchagua! Wangekugusa wewe ningeruka vile vile! Hamsikii? Nyote hamsikii? Nikikufuta wewe ninakuwa mwongo. Nikimfuta yeye ninakuwa mwongo. Nilikudanganya miezi mitano na nitakuomba msamaha miaka mitano, lakini sitakuomba msamaha kwa kumpenda yeye, na yeye sitamwomba msamaha kwa kukupenda wewe. Ondokeni wote wawili mkitaka. Ukuta hausemi uongo!"

Brashi ikiwa mkono wa kushoto, aliubandika mkono wa kulia ukutani na kuanza kufuta. Chokaa ilikuwa mbichi, na rangi ya mafuta chini yake ilikuwa imekauka siku nyingi. Alifuta kwa kiganja, kisha kwa mkono wa gauni lake jema la Jumapili. Jicho moja likarudi. Shavu likarudi, lenye michirizi, kama mtu anayetazama kupitia mvua. Mdomo ulichelewa. Alisugua mdomo mpaka vidole vikachubuka.

Ardella alikaa chini kwenye sakafu ya kisima, amechoka, akimtazama.

Huko juu mabenchi yalikuwa yanalia. Kila mtu aliyesimama, mbao ilitoa sauti. Kwanza nyuma. Kisha upande wa kwaya. Kisha benchi zima kwa mpigo mmoja. Mozelle aliendelea kusugua. Alisikia Shemasi Gaines akihesabu, arobaini na moja, arobaini na mbili. Alisikia mlango wa nje ukifunguliwa na kufungwa. Hakujua ni Lucius aliyeondoka au mtu mwingine, na hakugeuka, kwa sababu kama angegeuka akakuta nafasi yake tupu, mkono ungeacha kazi.

Ndipo aliposikia benchi la mbele. La wale wenye nguo nyeupe.

Mbao moja tu ilisikika, na kikohozi alichokijua tangu tumboni.

Mama Luvenia amesimama.

"Hamsini na nane," akasema Shemasi, kwa heshima kidogo. "Pole sana, Mama."

Mozelle akafumba macho. Paji la uso wake liligusa chokaa. Hasira yote aliyoibeba tangu asubuhi ilitafuta neno la kumwambia mama yake, na kati ya maneno yote mabaya ya dunia halikupatikana hata moja.

Kisha hatua. Si za kurudi kukaa. Zilikuwa zinashuka ngazi za kisima, moja moja, za mwanamke mwenye magoti mabovu. Watu walinyamaza mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti ya pumzi yake tu.

"Mama Luvenia," akaita Mchungaji. "Mama, unakwenda wapi?"

Hatua hazikusimama.

Mozelle alifumbua macho. Mama yake alikuwa kando yake, pindo jeupe la gauni likiburuta kwenye matone ya chokaa. Alimtazama Ardella aliyekaa sakafuni. Akautazama ukuta, kwa muda mrefu, yule mwanamke wa ukingoni, kisha yule mwanamume mwenye nusu ya uso. Taratibu sana, kidole baada ya kidole, akavua glavu yake ya kulia na kuitia mfukoni.

Akanyoosha mkono mtupu.

"Nipe hiyo brashi, mwanangu."

Brashi ilikuwa bado inadondoka chokaa. Kwa brashi ile mtu angeweza kumaliza Yordani yote kabla Shemasi hajafika mia.

Mozelle aliutazama uso wa mama yake. Kazi yake ilikuwa nyuso. Aliweza kumwona mtu akivuka barabara na kujua kama ametoka kugombana au kuzika. Aliutafuta uso ule, macho, mdomo, mishipa ya shingoni, autambue unataka kufuta au unataka nini.

Hakuona kitu. Ulikuwa uso ambao hajawahi kuuchora.

"Brashi, Mozelle."

Akampa.